Zahanati ni ya Nani?

Lipo swali ambalo wengi wetu hatupendi kuulizwa, kwa sababu linatulazimisha kupima mambo mawili tunayoyathamini, yaani maadili yetu na utu wetu. Swali lenyewe ni hili: je, mtu ambaye jamii haikubaliani na namna anavyoishi anayo haki ya kutibiwa katika zahanati ya kijiji kama mtu mwingine yeyote? Tena, akitibiwa, anastahili kutibiwa kwa heshima, au yatosha kumpa vidonge vyake na kumwambia aende zake?

Ninaowazungumzia ni wale ambao jinsia wanayoiishi si ile waliyoandikiwa siku walipozaliwa. Mmoja aliandikwa mvulana, naye tangu utotoni anajiona na kuishi kama mwanamke. Mwingine aliandikwa msichana, naye anaishi kama mwanamume. Siku hizi wapo wanaowaita watu transijenda. Ni vema tusiwachanganye na wale waliozaliwa na maumbile yasiyo dhahiri, ambao Waswahili tangu zamani huwaita huntha, ingawa mara nyingi wote hukutana na dharau ileile kwenye dirisha lilelile.

Mimi ni mzee wa nchi hii kavu ya katikati, na sitajifanya kwamba nayaelewa yote yaliyomo ndani ya nafsi ya mtu wa namna hiyo. Lakini miaka mingi ya kushika chaki imenionyesha kwamba si lazima umwelewe mtoto kwanza ndipo umfundishe kusoma. Unaanza kumfundisha, na kama Mungu akipenda, kuelewa kutakuja njiani. Nadhani kazi ya tabibu ina sheria hiyohiyo.

Wenye umri wangu watakumbuka mwaka 1973, ilipoendeshwa kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakisikiliza redio, kisha wakijadiliana na kwenda kuchimba vyoo, kufukia madimbwi ya mbu na kulinda visima. Sisi walimu vijana tulikuwa miongoni mwa viongozi wa vikundi hivyo. Naomba msomaji alitazame jina lile. Halikusema mwanamume ni afya, wala mwenye tabia njema ni afya. Lilisema mtu. Miaka mitano baadaye, Septemba 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata na kutangaza kwamba afya ya msingi ni haki ya kila mtu, karibu na anapoishi na anapofanya kazi. Nchi yetu ilikwisha kuanza safari hiyo. Ndiyo maana hata Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 hadi 2017 ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya.

Katika mipango hiyo yote tulizoea kupima huduma kwa kilomita. Tuliuliza: je, mama mjamzito anatembea kilomita ngapi? Ni swali jema sana, hasa kwetu huku ambako kijiji na kijiji hutenganishwa na pori la miiba. Lakini ipo safari nyingine isiyopimwa kwa kilomita, nayo ni ile ya kutoka kwenye benchi hadi dirishani.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia alasiri moja mwanafunzi wangu wa zamani. Aliandikishwa shuleni kwa jina la kiume. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni la kitenge na kujitanda kanga. Alikuwa na homa, na pajani alikuwa na jipu kubwa kiasi kwamba hakuweza kukaa sawasawa. Alikuwa amepita zahanati mbili kwa basi ili afike kwangu. Baada ya shikamoo na marahaba, nilimuuliza kwa nini hakuteremka njiani akatibiwe. Akasema, "Mwalimu, kule wakiniita jina, watu wote hucheka. Ukikaa karibu yangu labda hawatacheka sana."

Kesho yake tukaenda pamoja kwenye zahanati ambayo sitaitaja. Utaratibu wa pale ni ule tuujuao sote: unaweka daftari lako dirishani, unakaa, unasubiri jina lisomwe kwa sauti. Lilipofika zamu yake, muuguzi akalisoma jina lile la kiume. Yule aliyekuwa amevaa gauni akainua kichwa. Kukawa kimya kidogo, kisha mtu mmoja akacheka, na wa pili, na mtoto mmoja akamuuliza mama yake swali ambalo benchi zima lililisikia. Muuguzi akalisoma tena, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Niliona mikono ya mwanafunzi wangu ikitafuta ukingo wa kanga. Mtu aliyekuwa hawezi kukaa kwa maumivu sasa alikuwa hawezi kusimama.

Tuliingia. Muuguzi aliuliza maswali matatu, na hakuna hata moja lililohusu jipu. Ndipo akaja tabibu, mtu mzima, akalitazama lile paja na kusema, "Hili limeiva. Pole sana. Tulipasue sasa hivi." Akanawa mikono, akafanya kazi yake. Alipokuwa akifunga kidonda akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za mashamba, "Kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?" Mgonjwa akanitazama, akamtazama tabibu, kisha akasema kweli: kwa miaka miwili alikuwa akimeza kila siku vidonge vya uzazi wa mpango vya kununua dukani, ili mwili wake ulainike. Hakuwahi kupimwa presha hata siku moja. Tabibu hakucheka wala hakuhubiri. Alichukua mashine akampima, akamweleza kwamba vidonge vile vinaweza kugandisha damu katika mishipa, na akamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Wafanyakazi wawili walikuwa chini ya paa moja, na sare zao zilifanana. Mmoja aliuliza maswali matatu asipate kitu. Mwingine aliuliza moja akapata habari iliyoweza kuokoa maisha. Tofauti haikuwa elimu, maana swali la dawa anazotumia mgonjwa hufundishwa wote. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alifanya iwezekane kujibiwa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na tena mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hizi mbili tumezoea kumkemea nazo mgonjwa. Mimi naona zina upande wa pili. Kama tiba haiwezekani bila mgonjwa kujifunua, basi yule anayemfanya aogope kujifunua ameiharibu tiba kabla haijaanza. Kwa hiyo heshima katika zahanati haipaswi kufikiriwa kama zawadi tunayompa mtu ambaye maisha yake yanatupendeza. Heshima ni chombo cha kazi, kama kilivyo kipimajoto. Muuguzi aliyekosa kipimajoto atasema hana vifaa. Aliyekosa heshima naye hana vifaa, hata kama kabati lake limejaa dawa.

Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya mtu mmojammoja. Sivyo. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha kazi za mashirika yaliyokuwa yakiyafikia makundi haya mitaani kwa elimu na upimaji wa virusi vya UKIMWI, na Februari 2017 Wizara ya Afya ikatangaza kuzuia vituo 40 vilivyokuwa vikiwahudumia. Wizara ilieleza kwamba huduma zitapatikana katika vituo vya umma. Oktoba 2018 Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kuunda kikosi cha kuwasaka mashoga, na siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikasema hayo yalikuwa maoni yake binafsi wala si msimamo wa serikali. Lakini tangazo la hofu lina miguu mirefu kuliko la kukanusha. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya Februari 2020 ilikusanya maelezo ya watu waliodharauliwa au kunyimwa huduma. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na kliniki nyingi za Afrika zilizotegemea fedha hizo zikatikisika. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa hakufa maskini tu.

Sitaki kuhukumu kila uamuzi wa miaka hiyo. Nataka kulishika neno moja tu: vituo vya umma. Ikiwa milango ya pembeni imefungwa, na mwenye nyumba amesema wote wapite mlango wa mbele, basi mlango wa mbele hauna budi kuwa wazi. Haiwezekani kumwambia mtu apite hapo, kisha akifika apigwe kicheko.

Sasa niyatazame mapingamizi, kwa maana si ya kupuuzwa.

Pingamizi la kwanza ni la sheria. Watu husema mambo haya yamekatazwa. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho asili yake ni kanuni waliyotuwekea Waingereza mwaka 1930, na ambacho adhabu yake iliongezwa makali mwaka 1998, kinahusu tendo. Hakikuandikwa kuhusu malaria, kifua wala jipu. Hakimu ana kazi yake na tabibu ana yake. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Sikuona humo orodha ya wasiohusika.

Pingamizi la pili ni la dini. Mimi ni Mkristo, na sitaki kuwafundisha mashehe na mapadre kazi yao. Ila naona kwamba yule Msamaria, alipomkuta mtu kando ya njia, alianza na mafuta na divai, wala hakumhoji kwanza habari za imani na nasaba yake. Na ndugu zetu Waislamu wanavyo vitabu vya sheria ambamo wanazuoni wa kale walijadili kwa makini huntha asimame safu gani katika sala, arithi nini, na akifa aoshwe vipi. Huntha ni habari nyingine, nimekwisha kusema. Lakini tazama tabia ya wanazuoni wale: walipomkuta mtu asiyeingia katika safu mbili walizozijua, walikaa chini kutafuta mahali pake. Hawakumwacha bila kuoshwa.

Pingamizi la tatu ni la mila, nalo husemwa kwa sauti kubwa kuliko yote: kwamba kwetu, Afrika, jambo la mtu kuvuka mpaka wa kiume na kike halikujulikana. Hapa napenda kuwakumbusha Wagogo wenzangu jambo ambalo mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyekaa Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliliandika mwaka 1968. Hali ya nchi, ambayo sisi tuliiita mbeho, ilipoharibika na mifugo kuugua, wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika mikuki na fimbo, wakaenda kuchunga ng'ombe, kisha wakacheza hadi mpakani mwa nchi ili kuutupa mkosi huko. Wanaume hawakuwazuia. Sisemi wanawake wale walikuwa transijenda. Ilikuwa ibada, na ilipokwisha walirudia nguo zao. Ninachosema ni kwamba wazee wetu hawakuona kuwa nguo ya jinsia nyingine pekee inaweza kuiangusha nchi. Kinyume chake, waliitumia kuiponya. Anayetaka kuitetea mila, aitetee yote.

Pingamizi la nne ndilo gumu kuliko mengine. Husemwa: kumtibu kwa heshima ni kumkubalia. Je, ni kweli? Tabibu humtibu mlevi aliyeanguka, na mwizi aliyepigwa risasi akitoroka. Tangu Mkataba wa Geneva wa mwaka 1864, mataifa yamekubaliana kwamba hata askari wa adui akijeruhiwa atatibiwa. Silinganishi watu hawa na wezi wala maadui. Mungu apishe mbali. Nasema kwamba ikiwa tumekubali kumtibu hata aliyetudhuru, tutampa sababu gani yule ambaye hakumdhuru mtu? Kumfunga mtu kidonda hakutii sahihi kwenye maisha yake. Jamii inaweza kuendelea kubishana kwa miaka 50 ijayo, barazani, msikitini na kanisani, juu ya maana ya mtu huyu. Mabishano yana muda wa kungoja. Kidonda hakina.

Hapo zamani ilisemwa pia kwamba hali hii ni wazimu, na kwetu Dodoma tunajua mzaha wa kumpeleka mtu Mirembe. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuiondoa katika sura ya magonjwa ya akili, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 1, 2022. Basi hata kisingizio hicho kimezeeka.

Kuna jambo jingine ambalo wenyeji wa Kongwa wanaweza kulieleza kuliko mimi. Kwa miaka mingi wataalamu wamefanya utafiti wa trakoma huko, ugonjwa wa macho unaobebwa na mikono, vitambaa na nzi, na ambao ukirudiarudia huzigeuza kope zikaukwaruza mboni hadi upofu. Mojawapo ya njia za kuuzuia ni kugawa dawa kwa jamii nzima, wagonjwa na wasio wagonjwa, kwa sababu ukiiacha nyumba moja, nzi watairudisha kwa jirani. Kifua kikuu hakitofautiani sana. Mtu anayekohoa ambaye hathubutu kukaa kwenye benchi la zahanati bado atakaa kwenye kiti cha daladala. Hata hivyo sipendi kuishia kwenye hoja hii, kwa maana inamfanya mtu astahili tiba kwa sababu tu anaweza kutuambukiza. Anastahili hata kama jipu lake halimwambukizi yeyote.

Je, yatahitajika majengo mapya? Hapana. Wagonjwa wanaweza kuitwa kwa namba. Wanaweza kuitwa kwa jina la ukoo, likitanguliwa na neno ambalo Tanzania ililizoea sana, yaani Ndugu. Tuliwaita hivyo wanaume na wanawake, mawaziri na wakulima, na hakuna aliyepungukiwa. Lugha yetu imetubariki hapa: "yeye" ni yeye, na "mgonjwa" ni mgonjwa. Mwingereza lazima achague kiwakilishi kabla hajamaliza sentensi; Mswahili anaweza kutibu kutwa nzima bila kumtaja mtu jinsia. Panapohitajika kuuliza juu ya maumbile, na mara nyingine panahitajika, swali liulizwe nyuma ya pazia. Mtu anayeishi kama mwanamume aweza kuwa na mlango wa kizazi, na saratani ya mlango wa kizazi ndiyo saratani inayowaua wanawake wengi zaidi nchini. Asipoulizwa kwa staha hatapimwa, na asipopimwa itagunduliwa akiwa amechelewa.

Yapo pia mambo ya kadi. Kitambulisho kikisema jinsia moja na uso ukisema nyingine, karani hushuku udanganyifu. Wenzetu wa Kenya walilikuta jambo hilo kwenye vyeti vya shule: Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua cheti chenye jina lake jipya, kisichokuwa na alama ya jinsia. Mtu aliyewahi kusaini vyeti anajua kwamba alama za hesabu hazibadiliki kwa sababu ya herufi hiyo moja. Joto la mwili nalo halibadiliki.

Kila zahanati ya umma ina kamati yake, na wanakijiji ni wajumbe. Wazee tunaheshimiwa katika vikao hivyo, na mara nyingi tunakwenda kuzungumzia bomba la maji na uzio tu. Tungeweza kuuliza pia: majina yanaitwaje hapa? Pazia lipo? Siri ya mgonjwa inaishia wapi? Maswali haya yatamfaa pia msichana mwenye mimba ya aibu, mwenye virusi, na mzee mwenzangu mwenye tatizo la mkojo asiyetaka kutangazwa.

Mwaka 2023 nchi yetu ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nimefundisha sarufi muda mrefu, na sijui neno lililo wazi kuliko hilo la mwisho. Na kama sheria haitoshi, tuulize ukuta wenyewe. Zahanati zetu nyingi zilianza kwa nguvu za wananchi: huyu alileta mchanga, yule maji, mwingine alifyatua matofali. Wazazi wa mtu tunayemcheka dirishani walibeba matofali hayo pamoja nasi, na hakuna aliyewauliza watazaa mtoto wa namna gani. Mtoto huyo anapokuja na homa, anakuja kwenye nyumba ambayo kwao walishiriki kuijenga.